Upana wa Kuona Uliobaki

Ninaandika haya nikiwa nimeweka kidole cha mkono wa kushoto mwanzo wa mstari. Nikikiondoa, nikishafika huku mwisho siujui tena mstari unaofuata unaanzia wapi, nitaupapasa ukurasa kama mtu aliyedondosha sindano mkekani. Herufi zenyewe naziona vizuri. Hilo ndilo lililonidanganya muda wote ule, na najua linawadanganya wengi: unasoma, unatia uzi kwenye sindano, unamtambua mtu anayekuja kwa mbali, basi unajiona una macho mazima.

Mimi nina ugonjwa ambao mtaani kwetu Mabawa tunauita presha ya macho. Hospitali wanauita glakoma. Huanza kula pembeni, bila maumivu, bila wekundu, bila chochote cha kumwonyesha mtu. Zaidi ya hapo sielezi, wenye elimu hiyo wapo. Ninamwandikia yule aliyekaa kwenye benchi la kliniki ya macho leo asubuhi, anayejiuliza nyumbani ataanzaje kusema. Mimi nilianza vibaya, kwa hiyo angalau najua njia ipi usipite.

Jina langu Athumani, na nilikuwa dereva wa Fuso. Nilikuwa napakia machungwa Maramba na kuyashusha Tanga mjini, na msimu ukikolea napitiliza nayo hadi Dar es Salaam. Nilikuwa dereva hodari. Nasema bila haya, maana sifa hiyo sasa haina faida kwangu wala haimdhuru mtu.

Mdogo wangu Bakari, kinyume chake, hata baiskeli inamsumbua. Yeye ni fundi wa tivii na redio, na karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia baba, nyumba ambayo mimi na mke wangu Mwanahawa tunakaa upande mmoja na yeye upande wa pili. Starehe yake ni gemu ya mbio za magari. Alijipatia usukani wa gemu uliotumika, wenye pedeli zake, mimi nikamletea kiti cha Fuso lililokufa gereji, akakifunga kwenye ubao mbele ya tivii kubwa. Akaniita nije nionje, huku akicheka kwamba leo dereva wa kweli ataaibishwa na fundi redio.

Na kweli niliaibika. Barabara ilionekana nyembamba kama kamba, kona iko mbali kabisa, kufumba na kufumbua iko puani. Nikikanyaga breki ni mapema mno, nikingoja nimeshaparamia ukuta. Nikamwambia, "Hili si gari, yakhe. Hii ni katuni."

"Tulia, kaka," akasema Bakari. "Gari halina kosa. Kosa ni la dirisha."

Akachukua tepu ya fundi seremala, akapima upana wa tivii, kisha akapima kutoka kwenye pua yangu mpaka kwenye kioo. Akaingiza vipimo vile kwenye simu, simu ikampa jibu. Huku anabonyeza ananifundisha, maana Bakari hawezi kufanya kitu kimya.

"Skrini ni dirisha. Hebu lichukue dirisha letu hili la barazani. Ukikaa kule ukutani unaona mlango wa jirani tu. Ukisogea karibu unaona mpaka msikitini. Sivyo? Sasa waliotengeneza gemu hawajui weye umekaa wapi wala tivii yako ina ukubwa gani. Wanakupa upana wa kuona wa kubahatisha. Wanaishindilia dunia nzima kwenye kidirisha, kila kitu kinasinyaa, kila kitu kinakwenda mbali. Ndiyo maana kona inakudanganya."

Akaurudisha ule upana mpaka kipimo alichopewa na simu. Pembeni kukapungua, miti ya kandokando ikatoka nje ya kioo. Lakini barabara ikawa barabara. Kona ikaja kwa mwendo wake, nikaijua kama ninavyoijua kona ya kuingilia Maramba. Nikakata kona ya kwanza, ya pili, nikamgeukia Bakari nikamwambia, sasa hili ni gari. Ilikuwa masika ya mwaka jana, mvua inapiga bati, na sidhani kama nimepata kucheka na mdogo wangu kiasi kile tangu tulipokuwa watoto.

Msimu wa machungwa ulipoingia, mambo yakaanza kuharibika kidogo kidogo. Kwenye gemu magari yalianza kunitokea. Sisemi kunipita, nasema kunitokea, kama yameanguka kutoka darini. Nikawa nagusa ukuta wa ndani wa kona. Nikajiambia Bakari kazidisha kubana, dirisha limekuwa dogo mno. Akienda kuswali Alasiri, mimi naingia kwenye mipangilio, naongeza upana kidogo. Wiki inayofuata naongeza tena. Magari yakasinyaa, kona zikarudi kunidanganya, lakini walau nikawa naona nani yuko ubavuni mwangu, au nilidhani naona.

Barabarani nako nilivunja kioo cha kushoto cha Fuso, nikalaumu mwenye kibanda aliyesogeza nguzo. Tajiri mwenye gari akaweka kingine, nacho nikakivunja, nikalaumu waegeshaji. Nyumbani nilikuwa napiga teke mabeseni. Nilimwaga mchele wa Mwanahawa uliokuwa kwenye ungo palepale miguuni pangu. Kila kitu kilikuwa na wa kulaumiwa isipokuwa mimi, na hilo la macho halikunipitia akilini hata mara moja.

Kisha likaja la mama mkwe.

Bi Mwanakombo, mama yake Mwanahawa, anakaa Tongoni. Wakati wa vuli alikuja kwenye hitima iliyosomwa nyumbani kwetu, akaketi mkekani barazani, upande wa kushoto wa mlango, pamoja na wanawake wengine. Mimi nilikuwa mhudumu. Nikatoka na sufuria ya pilau, nikampita. Nikarudi na sufuria tupu, nikampita. Sikusema shikamoo.

Asiyekuwa wa kwetu anaweza kuona ni jambo dogo. Kwetu mkubwa haanzi. Anakaa, anangoja haki yake, na mdogo ndiye anayeamkia. Kumpita mtu mzima bila shikamoo ni utovu wa adabu, na kumpita mama wa mkeo, mbele ya wanawake wenzake, ni sawa na kumwambia arudi alikotoka. Bi Mwanakombo alingoja nenda, akangoja rudi. Kisha akajitanda vizuri, akaaga.

Nilimsikia akimwambia mwanawe uani. "Mie si gogo la kupitwa, mwanangu. Mumeo kaniruka nenda rudi. Sishangai, damu ya baba yake ile. Naye alikuwa vivyo hivyo, kiburi kimejaa tele, apita na watu kama apita na nguzo."

Baba yetu alikufa zamani kidogo, na alikufa kipofu. Tulisema ni uzee. Lakini kabla ya upofu Mabawa nzima ilimjua kwa kiburi. Sisi wenyewe wanawe tulimwogopa, maana ulikuwa unaweza kumwamkia kutoka ubavuni akashtuka na kukukaripia.

Mwanahawa aliponijia alikuwa analia. "Ungeniambia basi kama mmekosana na mama."

"Sikukosana naye. Sikumwona."

"Alikuwa mlangoni, Athumani! Kakaa mlangoni, utapitaje usimwone?"

Nikapandwa na hasira, nikasema kama hakuonekana mlangoni basi safari nyingine afungwe kengele. Neno likishatoka halirudi. Kesho yake Mwanahawa alifunga nguo zake chache akasema anakwenda Tongoni kumwangalia mama, hakusema atarudi lini. Sisi hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo nyumba ilinyamaza kabisa. Nikawa nakula kwa Bakari, na Bakari upishi wake ni chai.

Joto la kaskazi lilipokuwa kali ndipo Bakari alipogundua mipangilio imechezewa. Alikaa kitini, akaendesha mzunguko mmoja, akasimamisha.

"Nani kapanua dirisha langu?"

Nikakiri ni mimi, tena kwa ukali. Nikamwambia kile kipimo chake cha tepu kinamfaa yeye asiyeendesha gari la kweli, mimi dereva nataka kuona pembeni. Akarudisha kipimo sahihi, akanikalisha.

"Endesha."

Nikaendesha. Gari likanitokea kushoto, nikagongwa. Nikamwambia, "Unaona? Ulipobana umefuta na ile alama nyekundu inayoonya kwamba kuna gari ubavuni. Zamani ilikuwapo pale kushoto. Umeifuta."

Bakari alikuwa amesimama nyuma yangu. Akainama, kichwa chake usawa wa changu, akakitazama kioo.

"Ile alama haifutiki, kaka," akasema. "Imechorwa juu ya kioo. Upanue dirisha, ulibane, yenyewe ipo palepale. Hebu tazama katikati, usihamishe macho. Ikiwaka niambie."

Nikatazama katikati. Akachukua usukani yeye, akaliacha gari jingine litusogelee. Mimi nikawa nangoja.

"Imewaka?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, bwana, si nimekwambia umeifuta?"

"Imewaka imezimika, imewaka imezimika," akasema, na sauti yake ikawa imebadilika. "Tangu nilipokuuliza mara ya kwanza. Kaka, we huioni?"

Nikageuza macho kushoto. Alama ilikuwa pale, nyekundu ya damu, inawaka. Nikatazama katikati, ikapotea. Nikageuza tena, ikarudi. Nilirudia mpaka Bakari akazima tivii. Hapo nikauona mkeka wa barazani, na upande wa kushoto wa mlango alikoketi mama mkwe.

Tulikwenda kliniki ya macho nikiwa bado dereva. Nataka niwaeleze lile benchi, kwa sababu mtalikalia sana. Ni refu, la mbao, limeng'arishwa na makalio ya watu, na muuguzi anapita na chupa ya dawa ya kupanua mboni, akishakudondoshea dunia inakuwa ya maziwa na mwanga unachoma. Ukae hapo mpaka uitwe. Lakini kuna desturi kwenye benchi lile ambayo sijaiona popote pengine. Kila anayeingia anasimama mlangoni, anatoa salamu kwa sauti, halafu anataja jina lake. "Asalaam aleikum, ni Bi Zaina wa Maramba." Na kila anayeketi karibu yako anakutajia jina lake. Hakuna anayemtaka mwenzake amwone kwanza. Siku ya kwanza niliona kichekesho. Siku ya pili nilipotaja jina langu mlangoni na benchi zima likaniitikia, nililia, nikasingizia dawa.

Kipimo chenyewe ni cha ajabu kwa mtu mwenye gemu nyumbani. Unaweka kidevu kwenye kibao, unazibwa jicho moja, mbele yako kuna kitu kama bakuli kubwa jeupe. Unapewa kitufe. Tazama nukta ya katikati, ukiona cheche ya mwanga popote, bonyeza. Nikaisikia mashine inagonga ta, ta, na mimi sioni cheche. Fedheha ikanishika, nikaanza kubonyeza kwa kufuata mlio.

"Baba, usibahatishe," akaniambia muuguzi kwa upole. "Hapa hakuna mshindi."

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ndogo. Alinionyesha picha ya macho yangu kwenye karatasi. Katikati kweupe, pembeni kweusi, na weusi ule umekuja ndani kuliko nilivyotegemea, hasa jicho la kushoto. Akasema kilichokwenda hakirudi, kazi yetu ni kulinda kilichobaki. Akauliza kama kuna mtu nyumbani aliyepofuka. Bakari akajibu, baba. Akauliza kazi yangu. Bakari akajibu tena: dereva wa Fuso.

Daktari akaweka kalamu chini. "Leo umekujaje?"

"Na Fuso," nikasema.

"Lipo hapo nje?"

"Lipo."

Hakunigombeza. Alisema tu, taratibu, kwamba sitaliendesha kurudi. Bakari hawezi kuendesha, kwa hiyo tuliliacha palepale chini ya mwarobaini wa hospitali, nikampigia tajiri atume mtu. Tukarudi Mabawa kwa miguu, Bakari kanishika mkono kama mtoto, mimi nimeuacha mkono wangu kwake kwa mara ya kwanza. Funguo niliziweka mfukoni. Dereva aliyetumwa alikuja kuzichukua nyumbani jioni, kijana mstaarabu, akasema, "Pole, kaka, Mungu atajaalia." Nikamweleza gia ya tatu inavyogoma. Alipoondoka nililala kifudifudi.

Kuanzia hapo miezi yangu ilikuwa ya matone. Tone la asubuhi, tone la jioni. Moja lilinipunguzia mapigo ya moyo, nikawa nachoka kwa kupanda ngazi za msikiti. Jingine liliniotesha kope, ndefu na nyeusi, na ngozi chini ya macho ikafanya giza. Nilijitazama kwenye kioo nikaona mtu aliyepakwa wanja. Chupa ilitakiwa ikae baridi kabla haijafunguliwa, na jirani yetu muuza barafu akaipa nafasi mlangoni mwa friji lake, akawakataza wanawe kuigusa kwa kiapo. Ramadhani ilipoingia nikamwendea shehe kuuliza kama tone linafunguza. Akaniambia jicho si njia ya tumboni, dondosha na ufunge swaumu yako. Kwa neno lile nilishukuru kuliko kwa dawa yenyewe.

Mwanahawa alikuwa bado Tongoni. Sikumwambia. Niliona nikisema sasa watadhani natafuta kisingizio. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua, nami nilikuwa nayaficha huku nimeshayajua. Bakari ndiye aliyekwenda, bila kuniaga. Mwanahawa alisikia, akainama, akalia. Lakini Bi Mwanakombo alimkata kauli.

"Kipofu gani aendeshaye Fuso? Machungwa yangu mwenyewe kayabeba juzi juzi tu. Aloona barabara ya Maramba ashindwe kuniona mie?"

Na ukweli ni kwamba swali lake lilikuwa zuri. 

Masika daktari alisema matone pekee hayatoshi kwa jicho la kushoto, lipasuliwe, watoboe kijia cha kutolea maji ya jicho, presha ipungue. Siku moja kabla, nikiwa nimekaa ukumbini, nikasikia mlango na sauti, "Ni mimi, Mwanahawa," kama mtu wa benchini. Hakuna aliyemfundisha. Alikuja mpaka mbele yangu, akanitazama, halafu akasema, "Na hizi kope umezitoa wapi? Bwana harusi au bibi harusi?" Tukacheka, kisha hatukucheka tena. Alinihudumia majuma yote ya kitambaa jichoni, ya kutoinama, ya kulala kwa kuegemea mito. Hakurudi kuzungumzia kengele, wala mimi. Nilimwomba radhi kwa namna nyingine, na nadhani alinielewa.

Upasuaji haukuniongezea chochote, na mtu asikudanganye kwamba utaongeza. Ulizuia. Hiyo ndiyo zawadi yenyewe, na inachukua muda kuipokea.

Nilipopona Bakari akaniita kwenye kile kiti. Nikakataa. Sikutaka hata kuusikia ule usukani. Akasema hataki nicheze, anataka nitazame. Akaniweka umbali uleule wa tepu, akaniambia nikaze macho katikati ya kioo, naye akapitisha kidole polepole kutoka pembeni kuja ndani. "Sema ukikiona." Kila niliposema hapo, akaweka alama ya chaki kwenye kioo. Akazunguka hivyo pande zote.  Kisha akakata boksi la tivii, akatoboa tundu kwa kufuata chaki, akalibandika juu ya kioo. Tundu lilikuwa dogo, limepinda upande mmoja. Akaketi yeye kitini, akaendesha.

Aligonga kona ya kwanza. Akaanza upya, akagonga palepale. Mara ya tatu gari likamtokea, akashtuka mpaka akaachia usukani.

"Na weye ulikuwa waendesha hivi mpaka Dar?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Na mashimo yale? Na watoto wa shule?"

 Aliweka kichwa juu ya usukani akalia kwa sauti, mtu mzima, mimi nimesimama nyuma yake na kope zangu. Nami nalia ninapoandika hapa, kwa ajili ya watoto wale ambao Mungu aliwapitisha salama mbele ya Fuso langu.

Kwa daktari ilibidi Bakari naye aende, maana ndugu wote wa damu hupimwa. Presha yake ipo juu. Hajapoteza kitu bado. Sasa tunadondosheana, mimi yeye, yeye mimi, na akinikosea namwita fundi redio.

Bi Mwanakombo alikuja machungwa yalipoanza kuiva. Alikuja kumjulia hali mgonjwa kwa sababu uungwana unataka hivyo, na uso wake ulisema hivyo hivyo. Nilikuwa nimepangiwa nikae nikiuelekea mlango, nikamwamkia alipoingia. Akaitikia kwa ncha ya ulimi. Na hapa kuna balaa jingine: mkwe kwetu hamkodolei mkwe, unainamisha macho. Mimi nikiinamisha, simwoni. Nikimtazama sawasawa, ndiyo nimemkosea heshima kabisa. Nikabaki nainua na kushusha kichwa kama kuku anywaye maji.

Bakari akasema, "Mama, naomba ukae hapa mara moja."

"Kwenye kigari chako? Mie mtu mzima nikafanye nini?"

"Ukae tu utazame. Ukiona gari linakuja, sema."

Akaketi, baibui lake limefunika kiti chote cha Fuso, mikono mapajani. Bakari akasimama kando, akaendesha kwa mkono mmoja. Lile boksi lilikuwa palepale juu ya kioo.

"Haya, barabara naiona," akasema Bi Mwanakombo. "Naiona vizuri tu. Mbona... Ebo! Hili limetoka wapi?"

"Lilikuwapo tangu mwanzo, mama. Lilikuwa ubavuni kwako."

"Halikuwapo."

Bakari akalibandua boksi. Gari lilikuwapo kushoto, na jingine kulia, na alama nyekundu inawaka. Akalirudisha boksi. Mama mkwe akawa anatazama barabara ile nzuri, safi, isiyo na mtu. Mwanahawa alikuwa amejishika mdomo.

"Ndivyo mwanangu aonavyo?"

"Ndivyo, mama. Hilo tundu limefuata macho yake mwenyewe."

Hakuniomba radhi, na sikutaka aniombe. Alichosema alikisema bila kugeuka, kana kwamba anazungumza na lile tundu. "Na baba yenu? Naye alikuwa hivi?"

Mimi na Bakari hatukuwa tumelisema jambo hilo, hata baina yetu. Tulikuwa tunalizunguka tangu siku daktari alipouliza. Baba alipita na watu. Baba alishtuka ukimwamkia ubavuni. Baba alipenda kukaa peke yake kwenye kiti ukutani, ameitazama njia, na sisi tulipita nyuma yake kwa kunyata ili asitukaripie. Miaka yote ile hakuna aliyekwenda akasimama mbele yake.

"Bila shaka alikuwa hivi, mama," nikasema.

"Alinipita arusini kwa dada yangu," akasema Bi Mwanakombo. "Sikumsemesha tena mpaka wakamzika."

Siku hizi akija Mabawa haketi kwanza. Anazunguka mpaka mbele yangu, mtu mzima yule na miguu inamuuma, anasimama wima pale ninapoona, anangoja. Nikisema shikamoo mama, anasema marahaba, ndipo anatafuta pa kukaa. Kila akifanya hivyo natamani asifanye, na kila akifanya nashukuru.

Mimi sasa nachagua machungwa mazuri na mabovu kwenye ghala la tajiri wangu wa zamani, yanapita mbele yangu moja moja, na hiyo ni kazi ninayoiweza. Vuli imeanza tena. Wewe uliye benchini, jidondoshee dawa yako na wapeleke ndugu zako wapimwe, na nyumbani sema leo. Ukishindwa kusema, chora kwenye boksi.

Ijumaa iliyopita mimi na Bakari tulikwenda kumzuru baba makaburini. Bakari alisimama ubavuni, palipokuwa na kivuli, akainua mikono aanze dua. Nikamshika kiwiko, nikamzungusha mpaka upande wa kibla, unakoelekea uso wa marehemu.

"Simama hapa," nikamwambia. "Pale hakuoni."

Tukatoa salamu kwa sauti, tukataja majina yetu.